Joto la Injini Lisitupwe Hewani

Mkulima mwenye ng'ombe wachache na mtambo wa gesi ya samadi aweza kuendesha kwa gesi hiyo injini ndogo ya kuvuta maji au kukata majani ya mifugo. Jambo hilo si geni: Nikolaus Otto wa Ujerumani aliiendesha kwa gesi injini yake mashuhuri ya mwaka 1876. Lakini iko hasara moja ambayo wengi wameizoea, nayo ni joto litokalo pamoja na moshi.

Fahamu ya kuwa injini ndogo hugeuza kiasi cha sehemu 1 tu katika 5 za nguvu ya gesi kuwa kazi. Karibu theluthi hutoka na moshi, na iliyosalia hupotea katika kupoa kwa injini yenyewe. Tutwae mfano wa injini ya nguvu za farasi 3 ifanyayo kazi saa 1. Ukinasa nusu ya joto la moshi wake, litatosha kupasha debe 1 la maji, yaani lita 20, toka digrii 20 hata kufikia 80 hivi. Hayo ndiyo maji yatakiwayo kuoshea vyombo vya maziwa. Je, kuni za kupasha debe hilo kila siku hubebwa na nani? Mara nyingi ni mama wa nyumba na watoto.

Basi shauri letu ni hili: anza na pipa la maji. Bomba la chuma lichukue moshi, lipite katikati ya maji, litokee nje mbali na nyumba. Pipa lisifungwe kabisa, maana mvuke uliofungiwa hupasua chuma. Bomba lisiwe jembamba wala lenye kona nyingi, maana moshi ukizuiliwa injini hupungukiwa nguvu. Tena gesi ya samadi ina kiberiti kiletacho asidi ilayo chuma. Ipitishe kwanza katika chombo chenye unga wa chuma ulioshika kutu, na ulikague bomba mara kwa mara.

Lakini jambo moja twalikataza kabisa: usiupeleke moshi wenyewe ghalani kukausha mahindi, wala bandani kupasha vifaranga. Moshi huo una kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Ni kweli kwamba mahindi yapasa kukauka vema. Mwaka 2004 watu zaidi ya 100 walikufa mashariki ya Kenya kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu. Ila yakaushwe kwa hewa safi iliyopata joto nje ya bomba, si kwa moshi.

Wako watakaosema ni rahisi zaidi kuwasha gesi chini ya sufuria. Kama haja yako ni maji ya moto tu, wasema kweli, wala usiwashe injini kwa ajili hiyo. Bali ikiwa injini lazima ivute maji kila asubuhi, joto lake umekwisha kulilipia kwa samadi uliyoizoa na maji uliyoichanganya nayo. Mkulima hodari akikoboa mahindi hatupi pumba, huwapa kuku. Joto la moshi ndilo pumba la injini, nalo litumike.