Mwalimu kafa, ndiyo tunamkumbuka!

Jamani, leo naandika kwa hasira. Juzi tumemzika Mbeya mwalimu wangu wa historia, aliyenifundisha Iringa kidato cha tano na sita. Wanafunzi wake wa zamani tumechanga fedha za jeneza zuri, mashada na basi kutoka Dar kwa siku mbili tu. Siku mbili!

Swali langu: alipokuwa hai tulikuwa wapi?

Huyu ndiye aliyetupeleka Kalenga kuliona fuvu la Mkwawa. Mtwa alijiua mwaka 1898, Wajerumani wakaondoka na kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246, uliwataka walirudishe fuvu hilo. Likarudi 1954. Mwalimu akatuuliza: "Kwa nini mfupa udaiwe miaka yote hiyo?" Tukajibu kwa pamoja: "Heshima!" Akacheka. "Basi muwaheshimu na wenye nyama."

Hatukumsikia. Mwishoni mwa Julai 2012 walimu waligoma kupitia CWT, wakidai nyongeza ya mshahara ya asilimia 100 na posho ya kufundishia. Agosti 2 Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikausimamisha mgomo. Sisi wa mjini tulisema nini? Eti walimu wana tamaa. Sisi, tuliofundishwa nao kuandika hilo neno "tamaa"!

Na mimi simo? Nimo. Mwaka juzi alinipigia simu. Alishastaafu, bado anadai malimbikizo ya kupanda daraja. "Mwanangu, wewe ni mwandishi. Niulizie tu." Nikamwambia, "Sawa mwalimu, nitakupigia." Sikupiga. Nilikuwa nakimbizana na habari za wasanii.

Najua wapo watakaosema mwajiri ni serikali, sisi kazi yetu ni rambirambi. Sikubali. Serikali husikia kelele za wenye kalamu, wenye vyeo na wenye marafiki wizarani. Na hao wote ni mazao ya chaki yake.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kabla hujaandika "pumzika kwa amani mwalimu", mtafute aliye hai. Muulize anadai nini, tangu lini, faili limekwama wapi. Kisha tulidai kama lilivyodaiwa fuvu la Mkwawa, ila tusingoje miaka 56.

Msibani nimekutana na wastaafu wenzake wawili, nao wanadai. Namba zao ninazo. Kesho asubuhi napiga.