Njia za pori la Ituri ni za nani?



Sema mbele ya vijana wa mtaa wako kwamba unataka kwenda kutembea mu pori, kwa mguu tu, bila kutafuta dhahabu wala kununua mbao. Watakucheka. Kisha watakuuliza kama umechoka kuishi. Na wako na haki. Siye watu wa mji huu, pori tunalijua kupitia gunia la makala, mbao zenye zinapakiwa kwenda Uganda, na habari za watu waliokufa. Bunia yenyewe imejengwa ku nyasi, na miti mingi yenye tunaona hapa ni mikalitusi yenye watu walipanda. Pori kubwa linaanza ukishuka upande wa Komanda, kilometa karibu 75 kutoka hapa, na kutoka pale linaendelea Mambasa, Epulu, Nia-Nia, mpaka karibu na Kisangani. Wengi wetu tuliosoma mpaka universite hatujawahi kukanyaga ndani yake hata saa moja.

Ninaandika juu ya jambo moja tu. Njia za mguu za pori lile ni mali ya raia, na mwenye anazifungua na kuzisafisha, njo mwenye anashika pori. Leo mwenye anazifungua siye raia.

Njia ya pori haikai yenyewe. Mvua ikinyesha misimu miwili bila mtu kupita, mti mmoja unaanguka katikati, wapitaji wanaanza kuzunguka, maji yanapata mfereji wake mu nafasi ya miguu, majani yanafunga. Mwaka unaofuata hakuna njia tena, kuko hadithi ya njia. Watu wenye wanajua kazi hii kuliko wote ni Bambuti. Wanapita mu pori tangu zamani sana, na nyavu za kuwinda, wakifuata asali, wakihama kambi. Njia yao ni nyembamba, mtu nyuma ya mtu. Wanavunja kijiti pembeni ili mwenye anakuja nyuma ajue walipita wapi. Hakuna injinia alikuja kuwafundisha.

Halafu angalia wengine wenye walipita. Stanley alitoka Yambuya mwezi wa 6 mwaka 1887 na mamia ya watu, wengi wao Wazanzibari, na ni mu mwezi wa 12 walitoka mu miti na kuona nyasi za upande wetu. Zaidi ya miezi mitano mu giza. Wengi waliishia njiani juu ya njaa, magonjwa na mishale. Mu safari ile walikuta kambi za wafanyabiashara wa pembe na watumwa wenye walikuwa wamefika mbele yao. (Kiswahili hiki chenye tunanunulia muhogo ku soko, na chenyewe kilipita mu njia zile. Tusisahau kilikuja na nani.) Baadaye koloni ya Wabelgiji ikatoa vijiji ndani ya pori, ikavipanga pembeni ya barabara ili kuhesabu watu, kukusanya kodi na kupata mikono ya kazi. Kila kijiji kilikuwa na kipande chake cha barabara cha kusafisha, upende usipende. Wakati wa Mobutu ikaja salongo. Jina zuri, lakini wazazi wetu wanakumbuka pia polisi nyuma yake.

Kwa hiyo wazee wetu walijifunza kwamba kusafisha njia ni amri ya mkubwa. Siku mkubwa alipoacha kuamuru, panga likawekwa chini. Hapo ndipo tuko.

Chukua Mont Hoyo. Iko mu teritware yetu ya Irumu, kusini ya Komanda, ukifuata barabara ya Beni. Kuko mapango ndani ya mlima, kuko maporomoko ya maji yenye yanaitwa Ngazi za Venus. Miaka ya 1970 mtafiti Mbelgiji Francis Van Noten alichimba mu pango la Matupi, akapata vifaa vidogo vya mawe vya watu wenye waliishi pale makumi ya maelfu ya miaka iliyopita. Mu vitabu vya akiolojia vya dunia Matupi imeandikwa. Mu masomo yangu ya sekondari, hapa hapa Ituri, hakuna mwalimu mmoja aliitaja. Zamani wageni walikuwa wanapanda kule, kulikuwa nyumba ya kulala, kulikuwa vijana wa kuwaongoza kwa taa mu mapango. Kisha vita. Watu wa FRPI walijificha pande zile, kisha ADF wakaingia mu Irumu. Jina lenye lilikuwa la likizo likawa jina la mafichoni.

Najua kuko mwenye atasema: watu wanalala mu mahema ya wakimbizi Djugu, na wewe unatuletea mambo ya kutembea mu pori kama mzungu? Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, Komanda, ADF waliua watu zaidi ya 40, wengi mu kanisa wakisali. Sisemi mtu abebe begi kesho aende Hoyo. Mwenye atafanya hivyo atatafuta kifo, na atawapa wengine kazi ya kumtafuta. Nasema kitu kingine. Mama wa Irumu mwenye anaenda kuvuna kakao yake anapita mu njia ya mguu. Njo pale anauawa. Njia ikiachwa, ikifunga, yeye hawezi kukimbia na hakuna mwenye atamsikia. Tuko mu état de siège tangu Mei 2021, na kila siku tunasikia juu ya barabara za magari, msafara wenye kusindikizwa, bariyeri ngapi, nani alilipa ngapi. Juu ya njia ya shamba, hakuna neno. Ile ya mtu wa kawaida hakuna mwenye anaihesabu.

Na njia haiko tupu. Raia akitoka, mwingine anaingia. Mwenye dhahabu anafungua yake, mwenye mashine ya kukata miti anafungua yake, na mwenye bunduki anatumia zote mbili. Epulu, mu Hifadhi ya Okapi, tuliona matokeo. Hifadhi iliundwa 1992, ikaingia mu orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1996, na mwaka mmoja tu nyuma ikawekwa mu orodha ya urithi wenye kuwa hatarini. Mpaka leo iko humo. Tarehe 24 Juni 2012 Mai-Mai Simba wa Morgan walishambulia kituo cha Epulu, wakaua walinzi na watu wengine, na okapi 14 wenye walikuwa wanafugwa pale wakaisha wote. Walinzi walikuwa wanawasumbua mu biashara ya pembe na dhahabu. Walikuja kusema njia ni zao.

Sasa niwapeleke Nairobi kidogo, juu kuko mfano wenye unatuhusu kuliko ule wa parki zenye uzio na watalii wa dola. Karura ni msitu ndani ya mji. Miaka ya 1990 wakubwa walianza kugawana viwanja humo. Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti, na tarehe 8 Januari 1999 wakapigwa ku mlango wa msitu, yeye akatoka damu kichwani. Wanafunzi wa universite wakashuka barabarani. Viwanja havikujengwa, lakini msitu ulibaki mahali pa wizi na pa kutupa maiti, watu walikuwa wanaogopa kupita. Kilichobadilisha mambo kilikuja nyuma ya mapambano: tangu 2009 raia wa jirani walijipanga pamoja na idara ya misitu, wakajenga uzio, wakachukua vijana wa mitaa maskini ya pembeni, kama Huruma, wakawapa kazi ya ulinzi, na wakafungua njia za mguu. Leo kuko zaidi ya kilometa 50 za njia, na watu wanakimbia humo, wanawake peke yao pia. Miguu mingi ilifukuza woga.

Na tusikilize sehemu ya pili, juu wengi wanaikata. Mwaka 2025 idara ya misitu ya Kenya ilitaka pesa zote za mlango ziingie ku akaunti ya serikali, mbali na raia wenye walikuwa wanasimamia pamoja nayo. Raia wakakataa, kesi ikaenda kortini. Nairobi kuko uzio na hakuna ADF, najua tofauti. Lakini swali la akaunti litatufikia siku ya kwanza, kabla hata ya swali la panga.

Kwetu pesa ya kutunza njia iko kwa jina. FONER iliundwa mwaka 2008 kwa kazi hiyo, na kila dereva wa jimbo hili anajua peaji analipia wapi. Kuko pia mpango wa kamati za vijiji, CLER: wanakijiji wanapewa kipande cha barabara ya shamba, panga, jembe, beleshi, na malipo kwa mwezi. Pale pesa inafika, kantonye wanafanya kazi nzuri kuliko mashine. Kwa nini mpango huu unaishia ku barabara ya gari? Njia ya mguu kutoka kijiji hadi shamba, kutoka shamba hadi mto, na siku moja kutoka barabara ya Beni hadi mapango ya Hoyo, iwe na kantonye wake mwenye kulipwa. Tuanze na vijiji vyenye wakaaji wamerudi na usalama unaruhusu, na wakaaji wenyewe waseme ni wapi. Hatutachora ramani kutoka ku meza ya Bunia.

Kazi yenyewe si ya kukata majani tu. Ni kutoa maji kwanza: mfereji mdogo wa kukata njia kwa upande kila mahali inashuka, juu maji njo adui wa njia. Ni kuweka gogo la kuvuka, mawe ku matope, kukata mti wenye umeanguka badala ya kuuzunguka. Na hapa niko na msimamo wenye hautapendeza wote: njia ya ndani ya pori ibaki nyembamba. Moto ikipita, gunia la makala linapita, kisha mashine, kisha mbao. Mkulima wa kakao atasema moto inamsaidia kutoa mazao, na anasema kweli. Basi moto ifike ku mwisho wa mashamba, isipite pale. Mpaka ule uwekwe na kijiji, na sheria iko: tangu dekreti ya 2014 jamii inaweza kuomba msitu wake hadi hektari 50,000. Vijiji vingapi vya Irumu vimeelezwa jambo hilo kwa lugha yenye wanaelewa? Hapo sisi wenye diploma tunaweza kutumika.

Niliomba kazi mu shirika moja la mazingira, nikaambiwa nilete uzoefu wa miaka mitano. Niko na miaka 25. Bambuti wako na uzoefu kuliko kila mtu mu ofisi ile, na wao pia hawangechukuliwa, juu hawana karatasi. Tangu Julai 2022 nchi iko na sheria ya kulinda haki za watu asilia Bambuti. Sheria ile ikiwa ya kweli, Mumbuti awe kiongozi wa timu ya njia, alipwe mshahara sawa na kantonye mwingine. Asipewe chumvi na nguo ya zamani kisha apigwe picha.

Picha, njo shida yetu pia. Salongo ya jumamosi moja, fulana mpya, picha 40 ku simu, na jumatatu mfereji umejaa tena. Mu mtaa tunaweza kujisamehe. Mu njia ya pori kazi ni ya kila msimu wa mvua, miaka na miaka, na ni ya kulipwa. Tusiende kufanya bure kazi yenye kijana wa Komanda angepata mkate wake.

Yetu hapa mjini ni hii: kuuliza serikali ya jimbo, kwa barua na kwa miguu mbele ya ofisi, pesa ya peaji ya Ituri ilifanya kazi gani na ni njia ngapi za mashamba ziko mu mpango. Kuuliza jeshi ni njia zipi za mashamba Irumu na Mambasa zimepangiwa doria. Na kila mmoja mwenye ana bibi au babu wa kutoka upande ule akae naye, aandike majina ya njia zenye alikuwa anapita, zilitoka wapi, zilivuka mto gani, ziliishia wapi. Wazee wale wako mu nyumba zetu hapa Bunia, walikimbia. Majina hayo hayako mu ramani yoyote, na daftari moja na kalamu havizidi bei ya megabaiti za wiki.