Mafunzo kwa Mtandao na Mafunzo ya Darasani: Wasemavyo Wanafunzi wa Udaktari

Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga vyuo vya Uingereza mwaka 2020, wanafunzi wa udaktari wa nchi hiyo walijikuta wakisomea vyumbani mwao kwa njia ya kompyuta. Mwezi wa Mei mwaka huo huo waliulizwa maoni yao. Walijibu wanafunzi 2,721 kutoka vyuo 39, na matokeo yakachapishwa katika jarida la BMJ Open. Tumeyasoma majibu hayo kwa makini, kwani yanamhusu mwalimu wa shule ya msingi kuliko anavyoweza kudhani.

Wanafunzi hao hawakuukataa mtandao. Waliusifu kwa kuwa mtu hujipangia saa na mwendo wa kusoma. Walilalamikia kusumbuliwa na jamaa nyumbani, na mtandao hafifu. (Kwetu tungeongeza umeme na bei ya vifurushi.) Lakini lalamiko lililotugusa zaidi ni kwamba mafunzo hayo hayakuwavutia wala kuwafurahisha, na nafasi ya kuuliza maswali ilikuwa finyu.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mhadhara juu ya mzunguko wa damu waweza kusikilizwa popote, hata mara mbili. Bali anayejifunza kupapasa tumbo la mgonjwa humhitaji mtu wa kusimama kando yake, autazame mkono wake na kumwambia, "Siyo hapo, shuka kidogo."

Wako wenzetu wanaotoa hukumu ya haraka kuwa darasa ni bora siku zote. Hatukubaliani nao. Hapa Tanzania, baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, walimu zaidi ya 40,000 wa shule za msingi walifunzwa wakiwa kazini, kwa masomo ya posta na vipindi vya redio. Bila wao, Elimu ya Msingi kwa Wote isingepata walimu wa kuanzia. Lakini tuangalie vema: hawakuachiwa redio peke yake. Walikuwa wakifundisha watoto halisi, na walikutana na wakufunzi wa kuwasahihisha.

Sasa tulitazame darasa letu wenyewe. Mara nyingi, katika mazoezi ya kufundisha, tunaketi nyuma ya darasa na kumwona mwanachuo akijaza ubao kwa dakika arobaini huku watoto wakinakili. Mwishoni huuliza, "Mmeelewa?" Watoto huitika kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu!" Kipindi kimekwisha. Somo la namna hiyo limeizidi nini redio? Redio walau haichoki, wala haikosei tahajia. Mwalimu afundishaye hivyo hana haki ya kuubeza mtandao.

Chukueni mfano wa kutoa. Mtoto ameandika 52 − 27 = 35. Hakubahatisha, katika kila nafasi ametoa tarakimu ndogo katika kubwa, bila kujali ipi iko juu. Redio itarudia kanuni sahihi mara kumi, na mtoto ataendelea kuandika 35, maana anaamini ndiyo kanuni hiyo hiyo. Anayeweza kuligundua kosa hilo ni yule anayepita kati ya madawati na kulitazama daftari.

Mtatuambia kuwa darasa lina watoto themanini. Ni kweli, na ni mzigo mzito. Hata hivyo, madaftari kumi yakitazamwa katika kila kipindi, watoto wote watafikiwa katika vipindi vinane. Muda utapatikana mkiandaa somo kwa kujiuliza ni sehemu ipi ambayo kitabu kingeweza kuisema, kisha mkaifupisha.

Muhula ujao, tutakapokuja kukagua mazoezi ya kufundisha, kabla ya kuliomba andalio la somo tutaomba madaftari ya watoto watatu. Tutamwuliza mwanachuo ni nani kati yao aliyekosea, na alikuwa akifikiri nini alipokosea.