Bastola Chini ya Mto

Mwenye fedha aishiye Kerende, wilayani Tarime, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, huenda akatamani bastola ndogo ya kuficha kiunoni, mfano wa Walther PPK iliyotokea Ujerumani mwaka 1931. Sheria ya mwaka 2015 yamtaka awe na leseni. Lakini leseni haimlindi mtoto.

Bastola hiyo hujipakia yenyewe kila ifyatuliwapo. Baba achomoapo magazini akadhani imekuwa tupu, risasi moja yaweza kuwa imebaki chemba, nayo yatosha kuua. Kilichofichwa jambazi asikione, mtoto hukiona, maana yeye huijua kila pembe ya nyumba. Silaha ifungiwe kwa ufunguo, na risasi ziwekwe mbali nayo.