MJIOLOJIA KUUZA MITUMBA, KICHEKESHO KIKO WAPI?

Picha ya yule dada, jina kapuni, akiwa kwenye banda lake la mitumba imezunguka kwenye magrupu wiki nzima. Maneno ni yale yale: "Si mjiolojia wa mafuta huyo? Visima vimekauka?" Watu wanacheka mpaka basi.

Haya, wadau. Kuanzia 2010, gesi ilipogunduliwa kwenye kina kirefu cha bahari huko kusini, kila mzazi alitaka mwanaye asomee gesi na mafuta. Huyu shangazi yake alimchangia ada. Akahitimu, akapata mkataba kwenye meli ya uchimbaji: siku 28 baharini, siku 28 nyumbani, zamu ya saa 12. Na kazi yenyewe siyo ya suti kama wengi wanavyodhani. Ni kuosha vipande vya mwamba vinavyopanda na tope la kuchimbia, kuvitazama kwenye hadubini, kuvimulika na taa maalum kuona kama vina dalili ya mafuta, huku macho yako kwenye mashine inayopima gesi. Usiku kucha. Halafu kisima kinaweza kutoka kikavu, mamilioni ya dola chini, na hakuna mtu aliyekosea.

Sasa mchawi wake ni nani? Katikati ya 2014 pipa la mafuta lilikuwa zaidi ya dola 100. Mwanzoni mwa 2016 likashuka chini ya 30. Kampuni zikasimamisha uchimbaji, mikataba ikakatwa, wasomi wakarudi mtaani na vyeti vyao. Hakuiba wala hakulewa kazini.

Tena fani hii kusubiri ni jadi yake. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ikaja kuzalisha umeme Dar mwaka 2004. Miaka 30 bwana! Aliyeisomea enzi hizo angekufa njaa akiisubiri.

Kosa lake ni moja, na lisemwe: dola zilipokuwa zinaingia alijengea kaka zake wote, yeye hana hata kiwanja. Hao kaka ndio wanaosambaza picha sasa.

Ila mtoto wa yule shangazi anasomeshwa na mitumba hiyo hiyo. Na aliyepiga picha naye ana jinzi ya pale pale bandani, kakopa tangu mwezi wa tatu, hajalipa mpaka leo.