Kumfundisha Mbwa Kunusa: Pua au Macho?

Wengi wanaoanza kumfundisha mbwa wa nyumbani kutafuta harufu hudhani kwamba kazi kubwa ni kuinoa pua yake. Sivyo. Pua hiyo ina chembe hai za kunusia nyingi kuliko za binadamu mara kadhaa, haihitaji mwalimu. Anayehitaji kuchungwa ni mwalimu mwenyewe.

Mwanzo ni rahisi. Huchukuliwa makopo manne yaliyo sawa, yenye vifuniko vilivyotobolewa, na katika moja hutiwa karafuu chache. Yote hushikwa na mikono ile ile, mbwa asije akafuata harufu ya mkono. Kila anapolinusa kopo la karafuu hupewa kipande cha nyama papo hapo, na makopo hubadilishwa mahali.

Lakini mbwa pia humsoma bwana wake. Mwaka 1907, mjini Berlin, Oskar Pfungst alionyesha kwamba Hans, farasi aliyesifiwa kwa kujua hesabu, alifuata tu miondoko midogo ya watu waliojua jibu.

Kwa hiyo, katika jaribio la kweli, mwenye kuficha karafuu hujitenga nyuma ya ukuta, na mwenye kumwongoza mbwa hajui ilipo. Jibu hutangazwa baada ya mbwa kuchagua. Katika majaribio 20, kubahatisha huleta mafanikio 5 hivi. Mbwa akifaulu mara 18, sifa ni ya pua yake. Chama cha sayansi cha shule kisichojali utaratibu huo kitakuwa kimefuga farasi wa Berlin.