Homa ya kupe yajificha nyuma ya malaria mabandani Nairobi

JINA la Kenya limo katika vitabu vya tiba kote duniani kwa sababu ya ugonjwa ambao Wakenya wengi hawajapata kuusikia. Ni homa ya kupe ya Kenya, kama madaktari wa ng'ambo walivyozoea kuiita. Mtalii arejeaye kwao kutoka mbugani akiwa na joto jingi mwilini, vipele na kidonda cheusi mguuni huulizwa mara moja kama aliumwa na kupe. Mkazi wa Kambi Muru, Kibera, akishikwa na homa, huulizwa mambo mengine: je, ni malaria, au ni homa ya matumbo?

Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na maambukizi ya malaria jijini ni machache mno. Aghalabu wanaougua huwa wametoka safari za Nyanza, Magharibi au Pwani. Mwaka 2010, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kila mgonjwa apimwe kabla ya kupewa dawa za malaria. Pendekezo hilo lilikuwa jema, ila lilizaa swali ambalo zahanati nyingi hazikuandaliwa kulijibu. Kipimo kikionyesha hakuna malaria, mgonjwa ana nini?

Homa ya matumbo ni jibu moja, na si la kupuuzwa. Utafiti wa damu uliofanywa Kibera na kuchapishwa mwaka 2012 ulipata visa 247 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Lakini kipimo cha Widal, kinachotegemewa na vituo vingi vya mitaani, hukosea mara kwa mara, na mtu mwenye homa nyingine kabisa aweza kwenda nyumbani na cheti cha homa ya matumbo.

Ushahidi wa hatari hiyo uko jirani. Mjini Moshi, Tanzania, watafiti walichunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili kati ya 2007 na 2008. Madaktari walisema 528 kati yao walikuwa na malaria. Maabara ilithibitisha 14 pekee. Miongoni mwa maradhi yaliyokuwa yamejificha ni homa za kundi hili la kupe, zilizogunduliwa kwa wagonjwa 36.

Viini vyake ni bakteria wa jamii ya riketsia, ambao hujipenyeza ndani ya chembechembe za mishipa ya damu. Mwaka 1935, mtafiti J. I. Roberts alichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa msambazaji nchini Kenya ni kupe wa hudhurungi wa mbwa. Jambo hilo lapasa kumshtua yeyote ajuaye mitaa ya mabanda. Kupe wengi huhitaji nyasi na mifugo, lakini huyu aweza kumaliza maisha yake yote ndani ya nyumba, akitaga mayai kwa maelfu katika nyufa za kuta. Kuta za udongo na mbao za Kibera na Kawangware zina nyufa tele, na mbwa huzurura majaani mchana kutwa.

(Asichanganywe na papasi, yule wa sakafu za udongo, ambaye homa yake huja na kuondoka. Kiswahili kimewatofautisha wadudu hao tangu zamani, kabla ya maabara.)

Kinachoumiza ni kwamba tiba ipo na ni ya bei nafuu. Doksisaiklini, dawa iliyomo katika orodha ya dawa muhimu za Kenya, huteremsha homa hii kwa kawaida katika siku mbili au tatu. Amoksilini, ambayo mgonjwa wa mtaani hununua dukani bila cheti, haiwagusi bakteria hao. Wagonjwa wengi hupona hata hivyo, lakini mzee au mwenye kisukari aweza kuharibikiwa na figo, mapafu au ubongo huku akimeza vidonge visivyomsaidia. Hofu ya kuwapa watoto wadogo dawa hiyo, eti itawaharibu meno, nayo imepungua. Madaktari wa Marekani huipendekeza kwa umri wowote ugonjwa wa riketsia unaposhukiwa.

Je, nani awajibike? Kenya ina kitengo cha pamoja cha wizara za afya na mifugo kinachoshughulikia maradhi yatokayo kwa wanyama. Mwaka 2015 kiliorodhesha maradhi 36 na kuweka mbele matano: kimeta, malale, kichaa cha mbwa, brusela na homa ya Bonde la Ufa. Homa ya kupe haikuingia tano bora, na haishangazi, kwani orodha kama hizo hutegemea takwimu, na ugonjwa usiopimwa hauna takwimu.

Hata hivyo, mlango mmoja uko wazi. Kwa kuwa nchi imejiwekea lengo la kutokomeza vifo vya kichaa cha mbwa ifikapo 2030, maafisa wa mifugo hawana budi kuwafikia mbwa wa mitaani kwa chanjo. Mbwa akishashikwa kwa ajili ya sindano, kumpaka dawa ya kupe ni kazi ya dakika moja, na gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na ile ya kumtafuta upya. Upande wa zahanati, mhudumu aliyefundishwa kumvua mgonjwa soksi na kutafuta kidonda cheusi kabla ya kuandika "malaria" hahitaji mashine yoyote.